Sikio na Sururu

Binti alisoma karatasi yake mara ya kwanza kwa sauti ya darasani, na shangazi yake akatikisa kichwa. Akasoma mara ya pili. Mara ya tatu ilimbidi asogee hadi kwenye mkono wa kiti na kuinama, maana yule bibi ambaye mji mzima ulimwita Sikio sasa alikuwa hasikii vizuri upande wa kulia, na upande wa kushoto nao ulikuwa unaaga taratibu.

“Kwa miaka thelathini na moja,” akasoma, “alisikiliza mabomba ya mji huu, na hakukosea hata mara moja.”

Ukweli ni kwamba Sikio alikuwa ameyasikia maneno hayo tangu mara ya kwanza. Aliomba yarudiwe kwa tumaini la kitoto kwamba huenda yangebadilika njiani. Hayakubadilika.

“Hapo mwisho,” akasema. “Futa.”

“Nifute nini, shangazi?”

“Hapo pa kutokosea.”

“Lakini ndiyo sentensi nzuri kuliko zote.”

“Nzuri ni nzuri, mwanangu. Futa.”

Binti, ambaye ni mtoto wa kaka yake, alikuwa na miezi minne tu kazini katika ofisi ya nyaraka ya halmashauri. Halmashauri ilikuwa imeamua kuning'iniza katika ukumbi wake picha saba kubwa za wanawake walioujenga mji, kila moja na maelezo yake chini. Diwani wa kwanza mwanamke alikuwemo. Daktari alikuwemo. Mwalimu aliyeanzisha shule ndani ya karakana ya magari, wanafunzi wakikalia matairi, naye alikuwemo. Nafasi ya saba Binti aliipigania katika vikao vitatu mpaka akaipata. Siku alipokuja na habari hiyo, Sikio alicheka hadi akatafuta leso.

“Mimi nikae ukutani na daktari? Si atanipima presha?”

“Huyo daktari alikuwa ananawa mikono kwa maji ya nani?” Binti alimjibu.

Utaratibu ulikuwa mmoja: kila aliye hai atie sahihi maelezo yake, na karatasi zote ziwe kwa mpiga chapa Ijumaa kabla ya saa sita. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

“Kaa chini,” Sikio akasema. “Usiandike kwanza. Sikiliza.”

Habari ya mwanzo Binti aliijua, kwa sababu kila mtoto wa ukoo aliijua. Shangazi alianza kazi katika idara ya maji akiwa mfagizi. Asubuhi moja aliegemeza ufagio wake kwenye bomba lililopita ukutani, akaweka shavu juu ya mpini ili apumzike, akasikia kitu kikinong'ona. Akaenda kwa mhandisi akamwambia kwamba kuna maji yanapita humo na hayafiki kokote. Mhandisi alicheka. Kisha, ili kumkomesha, akaagiza koki zote za jengo zifungwe. Mfagizi akasema bado yanapita. Wakachimba nyuma ya stoo na kukuta udongo umekuwa uji. Mhandisi alikuwa mtu wa haki, ingawa alichelewa kuwa hivyo, akampa fimbo ya kusikilizia: chuma chembamba kirefu, chenye kikombe cha mti upande wa sikio. Mpaka siku hiyo fimbo hiyo haikuwahi kushikwa na mwanamke. Mfagizi akawa Sikio, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho.

Hata habari ya ramani Binti aliijua. Ramani za mabomba zilikuwa zimewekwa katika chumba cha chini, na katika mambo yote yanayoweza kuharibu ramani za maji, zikaharibiwa na maji. Bomba la chooni lilipasuka mwishoni mwa wiki, na Jumatatu mji ukawa haujui mishipa yake inapita wapi. Sikio alitembea miezi minane na mchoraji, mtaa kwa mtaa, akisimamisha fimbo chini na kusema: hapa linapita, hapa linakata kona, hapa limekufa. Ramani inayotumika mpaka leo ilitoka sikioni mwake. Barabara mbili kubwa zilipopanuliwa, zilipindishwa kumfuata yeye. Madereva wanaolaani ile kona ya mnara wa saa hawajui kwamba wanamlaani bibi mmoja mwenye miwani, anayependa sukari kuliko anavyoruhusiwa.

Ambaye Binti hakumjua ni Sururu.

“Fimbo haichimbi,” Sikio akaeleza. “Mimi nilisikia tu. Aliyechimba ni yeye.”

Sururu alikuwa mmoja wa wanawake kumi na wawili walioajiriwa kuchimba mitaro katika mwaka ambao mabomba ya mji yalipasuka kama yaliyokula njama. Mrefu, mwembamba, mdomo kama wembe. Walifanya kazi pamoja miaka tisa, kama kinu na mchi, na ugomvi wao wa kila siku ulikuwa ndio mapumziko yao. Walikuwa na kanuni yao wenyewe ambayo haikuandikwa popote. Sikio akishasikia mvujo, anachora duara la chaki, si kubwa kuliko sinia. Kisha anampa Sururu fimbo, naye anasikiliza. Akisikia, hasemi neno, anatemea viganja mate na kuanza kuchimba. Asiposikia, anaegemea sururu yake na kutazama mbali, na hapo wanaanza upya. Kwa namna hiyo miaka tisa ilipita pasipo shimo moja la bure.

“Na mwaka wa kumi?” Binti akauliza.

Sikio alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

Mwaka wa kumi ndio mwaka wa ukumbi mpya wa halmashauri. Ilibaki wiki moja ufunguliwe, na bomba la ghorofa ya juu, katika chumba cha meya, lilikuwa linakohoa upepo. Msimamizi wa kazi alitaka mvujo upatikane siku ile ile, saa sita mchana. Wasikilizaji hufanya kazi alfajiri, kabla injini za mji hazijaamka, na Sikio alijua hivyo kuliko mtu yeyote. Lakini barua yake ya kuthibitishwa kuwa msikilizaji ilikuwa juu ya meza ya mkurugenzi, na msimamizi alikuwa amesema mbele ya watu kwamba mwanamke huyu akiharibu, fimbo itarudi ilikotoka na haitatoka tena. Basi akasimamisha fimbo kwenye ngazi za mbele, zile za mawe meupe yaliyoletwa kwa meli, na kwenye ngazi ya tatu akasikia maji yakikimbia. Akachora duara.

Sururu akachukua fimbo, akasikiliza, akaegemea sururu yake.

“Hiyo ni mashine,” akasema.

“Ni maji.”

“Ni maji yanayovutwa na mashine, Sikio. Mvujo haupumui. Huo unapumua.”

Watu walikuwa wamesimama kutazama. Msimamizi alitazama saa. Na Sikio akatamka maneno ambayo alitamani kuyameza kabla hayajafika chini: “Nani amepewa fimbo hapa, mimi au wewe?”

Sururu alimtazama kidogo. Kisha akatemea viganja mate, akapiga. Jiwe jeupe likapasuka vipande vitatu, na chini yake palikuwa na vumbi kavu kama unga. Ng'ambo ya barabara, kiwanda cha barafu kilikuwa kikijaza tangi lake kwa pampu. Kuhusu bomba la meya, ilikuja kujulikana kwamba koki moja juu ya paa ilikwama, na fundi aliilegeza kwa spana huku akipiga mluzi.

“Wakatuita mbele ya kamati,” Sikio akasema. “Wanaume watatu na jagi la maji. Yeye ndiye aliyeulizwa kwanza. Akasema duara langu lilikuwa pembeni, kwenye udongo, na yeye ndiye aliyeona bora apige kwenye ngazi. Wakanigeukia. Wakaniuliza, ni kweli? Nikasema ndiyo.”

Binti alikuwa ameshaweka kalamu chini.

“Neno moja tu. Ndiyo. Mimi nikapata barua yangu. Yeye akaondolewa mitaroni, akapelekwa stoo kugawa misumari, sabuni na chaki. Alikaa humo miaka kumi na saba mpaka anastaafu. Nilipohitaji chaki, nilimtuma mtu mwingine.”

Nje muuza mkaa alipita akinadi, akaenda zake.

“Basi tutafuta sentensi,” Binti akasema polepole. “Hakuna atakayejua.”

“Nimekaa na huyo ‘hakuna atakayejua’ miaka mingi, mwanangu. Si mpangaji mzuri. Nataka iandikwe.”

“Lakini jalada la ofisi lipo, shangazi, nimelisoma. Linasema mchimbaji alikaidi alama. Tukiandika kwamba alama yenyewe ilikuwa kwenye ngazi, basi yeye alidanganya kamati. Tutakusafisha wewe kwa kumchafua yeye.”

Sikio alimtazama yule mtoto wa kaka yake kwa jicho jipya. Shule zilikuwa hazijapotea bure.

“Ndiyo maana,” akasema, “lazima kwanza niende kwake.”

Ilimchukua Jumatano nzima kujikaza. Alikuna kichwa, akapanga kabati lililokuwa limepangwa, akatangaza kwamba goti linauma. Alhamisi baada ya chakula cha mchana Binti akaja na teksi na kumkuta amekaa mlangoni, amevaa viatu vya kutokea, mkoba mapajani kama mtu anayesubiri kuingia kwa daktari wa meno.

Nyumba ya Sururu ilikuwa ya vyumba viwili na ua wa saruji uliofagiwa mpaka ukang'aa. Wakamkuta mwenyewe amechuchumaa mbele ya bomba la uani, amelifungua kichwa, anatoa raba iliyochakaa kwa ncha ya kisu. Nywele zilikuwa nyeupe zote. Mgongo haukuwa umepinda hata kidogo. Aliinua macho, akamtazama mgeni wake toka viatuni hadi kilembani.

“Naona wafu wanafufuka,” akasema.

“Hujambo, dada,” Sikio akajibu.

“Sijambo tangu mwaka gani unataka nianze kuhesabu?” Akamgeukia Binti. “Na wewe ni nani, mwanangu?”

“Shikamoo, bibi. Mimi ni mtoto wa kaka yake.”

“Marahaba. Pole sana. Leta hicho kigoda, mkalishe shangazi yako kabla hajaanguka akasema nimemsukuma.”

Sikio akakaa. Alikuwa amepanga hotuba nzima ndani ya teksi, yenye mwanzo, kati na mwisho. Yote ikayeyuka. Akabaki akitazama mikono ya mwenzake ikihangaika na kifuniko cha bomba.

“Nipe nikushikie,” akasema.

“Shika hapa. Si hapo. Hapa. Mabomba yote ya mji unayajua, hili moja linakushinda?”

Wakafanya kazi, vichwa karibu kugusana. Kisha Sikio, akiwa bado ameshika kifuniko, akaeleza: picha, ukuta, sentensi ile, Ijumaa saa sita. Akasema anataka ngazi ya tatu iandikwe. Akasema hawezi kuiandika bila ruhusa, kwa kuwa uongo wa siku ile ulikuwa wa Sururu japo dhambi ilikuwa yake yeye Sikio.

“Sikukuomba unisitiri,” akasema. “Lakini ulinisitiri, nami nikanyamaza. Naomba unisamehe. Ulijitoa mhanga kwa ajili yangu na mimi nikashindwa hata kuja kuchukua chaki.”

Sururu aliacha kukaza.

“Nilijitoa nini?”

“Mhanga.”

“Nani kakwambia?” Akakaa chini kabisa kwenye saruji, miguu amenyoosha, akacheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. “Mama yangu wee! Sikio, kiuno changu mwaka ule kilikuwa kimekwisha. Nilikuwa nalala chini kwenye sakafu kwa sababu kitandani siamki. Pale stoo palikuwa na kiti. Unanielewa? Kiti chenye mgongo. Nilipomwona yule mwenyekiti wa kamati anatafuta mtu wa kumwondoa mitaroni, nikasema, Mungu wangu, huyu ndiye ninayemtaka.”

Sikio akakiachia kifuniko. “Kwa hiyo hukufanya kwa ajili yangu?”

Sururu akafikiri. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mwongo wa kila siku.

“Nusu,” akasema. “Nusu wewe, nusu kiuno. Ile fimbo nayo nilikuwa sitaki irudi kwa wale. Wangeichukua, tusingeiona tena, wala mimi wala wewe wala huyu hapa.” Akamwelekeza Binti kidole. “Basi sema robo tatu. Lakini mhanga hapana. Mhanga ni wa watu wasiokuwa na hesabu zao.”

“Kwa hiyo huna kinyongo.”

“Kinyongo ninacho.” Alisema bila kupandisha sauti, hivyo Sikio akalazimika kusogeza sikio la kushoto. “Dirisha la stoo lilitazama lango. Kila asubuhi nilikuona unaingia. Miaka kumi na saba hukugeuza shingo. Nikajiambia wiki hii ana haya, wiki ijayo atakuja. Nilikuwa na birika na vikombe viwili. Kile cha pili nikaishia kuwekea misumari.”

“Niliona aibu.”

“Najua uliona aibu. Aibu ilikuwa yako, lakini aliyekunywa chai peke yake ni mimi.”

Sikio alivua miwani tena. Machozi yalimtoka kimya kimya, kama bomba linalovuja mahali ambapo hakuna anayepita. Sururu akamwacha alie kwa muda aliouona unatosha. Kisha akamtupia kitambaa alichokuwa akifutia grisi.

“Upande huo mchafu. Geuza wa pili.”

Binti alijifanya anatafuta kitu mkobani. Alipoinua kichwa, Sururu alikuwa amemnyooshea mkono.

“Lete hiyo karatasi. Soma.”

Akasoma yote. Sururu alisikiliza kama alivyosikiliza mabomba, macho nusu yamefumba.

“Sasa andika. Alikosea mara moja, kwenye ngazi ya tatu ya ukumbi huu. Umeandika? Weka na hili: mwenzake alimwambia hapa hakuna mvujo, akakataa kusikia.”

“Hiyo nayo lazima?” Sikio akauliza.

“Hiyo ndiyo yenyewe. Kila aliyepita karibu na kamati ile anajua kwamba Sururu alivunja jiwe la meya. Nataka wajue kwamba Sururu alikuwa amesikia sawasawa.”

“Na kamati, bibi?” Binti akauliza. “Itaonekana uliidanganya.”

“Wanaume wale watatu wote wako makaburini, na jagi sijui liko wapi. Watanifukuza kazi gani? Andika jina langu, Sururu, kwa herufi kubwa mwanzoni.”

Tatizo likabaki moja. Maelezo ya kila picha hayakuruhusiwa kuzidi maneno themanini, na sasa yalikuwa yamefika mia moja na kumi. Binti akampigia simu mkuu wake wa nyaraka, akasimama kando ya ukuta, akaeleza kwa adabu na kwa haraka, huku mkono wake mwingine ukikunjua na kukunja pindo la blauzi. Alikuwa bado hajathibitishwa kazini. Akasema “Ndiyo, mzee” mara nne, akarudi.

“Anasema sherehe si mahali pa kuanika makosa.”

Mabibi wawili wakatazamana.

“Nikamwambia,” Binti akaendelea, na masikio yake yalikuwa yamewaka, “kwamba kama ni hivyo shangazi hatatia sahihi, na mimi sitapeleka karatasi isiyo na sahihi. Ndipo akauliza ni ngazi ipi. Nikamwambia ya tatu. Akasema amefanya kazi jengo lile miaka ishirini na mbili akijiuliza kwa nini jiwe moja lina rangi tofauti. Amekubali. Lakini maneno ni themanini, hata moja lisizidi.”

“Mtoto huyu mmemlea vizuri,” Sururu akasema. “Bila shaka ni upande wa mama.”

Wakaanza kukata. Sikio ndiye aliyekuwa mkatili zaidi. “Nguzo ya mji” ikaondoka. “Shujaa asiyeimbwa” akaondoka, na Sururu akauliza ni nani aliyemzuia kuimba. “Kwa ujasiri usio na kifani” ikaondoka huku Binti akiguna kidogo, kwani alikuwa ameitafuta jioni nzima. Ufagio ukabaki. Ramani ikabaki. Walibishana robo saa kuhusu “akakataa kusikia”: Sikio alitaka “hakumsikiliza”, ambayo aliona ni ya heshima zaidi, na Sururu akasema heshima angekuja nayo zamani. Ikabaki kama ilivyotamkwa. Binti alihesabu kwa ncha ya kalamu, akahesabu tena. Yalikuwa sabini na tisa.

“Limebaki moja,” akasema. “Niongeze nini?”

“Usiongeze kitu,” Sikio akajibu, akachukua kalamu, akatia sahihi juu ya goti lake, polepole, kwa jina lile la kitambulisho ambalo hata yeye aliliandika kama la mtu mwingine.

Teksi ilikuwa inapiga honi nje. Sururu aliwasindikiza hadi kwenye lango, akiwa bado ameshika kisu chake.

“Siku ya kuzindua picha nitakuja kukufuata,” Sikio akamwambia. “Tuingie pamoja.”

“Hiyo ni wiki ijayo.”

“Ndiyo, Jumamosi.”

“Na kesho una kazi gani?”

“Kesho Ijumaa. Wanapeleka kwa mpiga chapa.”

“Wapeleke wao, wana miguu. Nimekuuliza wewe.”

Sikio alishika mlango wa teksi akawaza, kama mtu mwenye ratiba nzito.

“Sina kitu,” akasema.

“Saa nne, basi. Na uje na sukari yako, mimi yangu nimekatazwa.”

“Hata mimi nimekatazwa.”

“Ndiyo maana nimesema uje nayo,” Sururu akasema, akafunga lango.